Neti, Wavu na Chandarua: Neno Fupi la Kigeni katika Bonde la Kilombero

Neno la Kiingereza “net” lina herufi tatu na silabi moja tu, lakini lilipoingia katika Kiswahili cha bonde la Kilombero lilikuta kazi zake nyingi zimekwisha kushikwa na maneno ya zamani zaidi, ikabidi litafute pa kukaa, nalo likapata kitanda. Huko Idete, kata iliyoko kusini-magharibi mwa Ifakara, kati ya miteremko ya milima ya Udzungwa na tambarare ya mto Kilombero, mtu akisema “neti” bila kuongeza neno lingine, anayemsikia huelewa kitambaa chepesi chenye matundu madogo kinachoning’inizwa juu ya kitanda ili kuzuia mbu. Hafikirii zana ya mvuvi, wala nyavu za goli la mpira wa miguu, wala hesabu ya faida iliyobaki baada ya gharama, ingawa kwa Kiingereza vyote hivyo huitwa kwa neno hilohilo. Namna neno lenye maana nyingi lilivyobanwa hadi likabaki na maana moja kuu ni sehemu ya historia ya bonde lenyewe, kwa kuwa lililolibana ni maisha ya watu waliokuwa na nyavu zao, mto wao na ugonjwa wao kabla neno halijafika.

Katika Kiingereza chenyewe “net” si neno moja, bali ni maneno mawili yaliyokutana sura. La kwanza, lenye maana ya wavu, ni la asili ya lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, na ndugu zake wako wazi hadi leo: Wajerumani husema Netz, Waswidi husema nät. Wataalamu wa historia ya lugha hulihusisha na mzizi wa zamani wenye maana ya kufunga au kukaza, mzizi uleule unaodhaniwa kuzaa neno la Kilatini nodus, yaani fundo; na kweli wavu wa asili si kitu kingine ila mafundo mengi yaliyofungwa kwa mpangilio, yakaacha nafasi wazi katikati. La pili, linalotumika kwa uzito au fedha iliyobaki baada ya makato, lilitoka kwa Kilatini nitidus, lenye maana ya kung’aa, likapitia Kifaransa na Kiitaliano, ambako net na netto humaanisha kitu safi. Wafanyabiashara wa Italia waliita netto kiasi kilichosafishwa, kilichoondolewa uzito wa chombo, takataka na gharama, na istilahi hiyo ikasambaa katika vitabu vya hesabu vya Ulaya nzima. Kwa hiyo mvuvi na karani wa Kiingereza hutamka neno moja, lakini mmoja anataja fundo na mwingine anataja usafi.

Hili la pili halikuota mizizi katika Kiswahili. Lipo limechapwa juu ya mifuko ya sukari, saruji na mbolea, ambako herufi hizo tatu hutangulia idadi ya kilo, lakini hakuna anayelitamka, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kujichukulia njia yake kwa kuita uzito wa jumla “ghafi” na uzito wa kitu chenyewe “halisi”. Mfanyakazi wa viwanda vya sukari vya Kilombero, huko Kidatu, hutofautisha mshahara kabla ya makato na kinachobaki mkononi, wala hahitaji “neti” kueleza lipi ni lipi. Katika lugha ambayo neno hilo tayari lilikuwa na kitanda, kuliongezea mshahara kungeleta utata usio na faida.

Mshindani mkubwa wa “net” katika bonde hilo ni “wavu”, ambalo katika wingi husemwa “nyavu”. Hilo ni la Kibantu kwa umbo na kwa mwenendo: lina kiambishi chake cha u- katika umoja na ny- katika wingi, nalo limeenea katika shughuli zote za kunasa, iwe ni samaki, ndege au mnyama wa porini. Pwani liliongezewa majina mahususi ya zana, kama jarife, wavu mkubwa wa kutegea samaki wakubwa; juya, wavu mrefu wa kukokota; na kimia, wavu wa kurusha wenye vipande vya risasi ukingoni, ambao jina lake limehamia pia kwenye kazi ya nyuzi zilizofumwa kwa matundu. Huko Kilombero, ambako Wandamba wamejulikana tangu zamani kwa mitumbwi na uvuvi, wavu uliishi pamoja na migono, yaani mitego iliyosukwa kwa vijiti na kuwekwa mahali maji yanapopita, na pamoja na ndoana. Ubora wa wavu hupimwa kwa macho yake. Neno hilo la “jicho” kwa tundu la wavu linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna sheria nzima ya uvuvi: jicho kubwa humwacha perege mchanga apite na kumzuia mzazi, na jicho dogo halimwachi yeyote.

Mto wenyewe hueleza kwa nini sheria hiyo ni ya uhai. Kilombero hukusanya vijito vingi vinavyoteremka kutoka Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili, kisha hukutana na Luwegu na kufanya mto Rufiji. Wakati wa masika hujaa na kufurika, tambarare inageuka kuwa ziwa lisilo na kina, na samaki huingia katika majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga. Maji yakipungua, vifaranga vya perege na kambale hurudi mtoni, na wengine hubaki katika madimbwi. Eneo hilo la mafuriko, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 7,967, liliorodheshwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu za umuhimu wa kimataifa. Maji hayohayo yanayoleta samaki ndiyo yanayostawisha mpunga, ambao ndio uhai wa Idete na vijiji vya jirani, na ndiyo yanayozalisha mbu. Mbu wa aina ya Anopheles, ambao hubeba vimelea vya malaria, hutaga katika vidimbwi vinavyopigwa jua, katika nyayo za ng’ombe, katika majaruba ya mpunga na kandokando ya mabwawa yenye majani. Mpunga, samaki na malaria vilikuwa mavuno ya mvua moja.

Hapo ndipo panapoingia neno la tatu, ambalo ni kongwe kuliko neti katika kazi ya kuzuia mbu. “Chandarua”, au “chandalua” kama lilivyoandikwa katika kamusi za zamani, lilimaanisha kwanza kitambaa kilichotandazwa juu ya watu au vitu ili kuwapa kivuli, kama turubai la jahazi au hema la shughuli, na baadaye kitambaa cha kufunika kitanda. Asili yake huelekea upande wa pili wa Bahari ya Hindi, kwa kuwa Wagujarati huita chandarvo kitambaa cha mapambo kinachotandazwa juu ya kichwa, na wafanyabiashara wao walikuwa na maskani Zanzibar na mwambao wote kwa karne kadhaa. Kilicho kizuri kabisa ni jinsi Kiswahili kilivyolichukua neno hilo la kigeni: sauti ya mwanzo, ch-, ilisikika kama kiambishi cha ngeli ya ki-vi, basi wingi wake ukawa “vyandarua”, na kuanzia hapo hakuna aliyelishuku tena kuwa ni mgeni. Neti haikupata bahati hiyo, kwani huitwa “neti hii” na “neti hizi” bila kubadilika, na umbo lake bado linaonyesha lilikotoka.

Kwa nini basi neno geni lisilo na pambo lolote lilipata nguvu mahali ambapo chandarua kilikuwapo? Jibu rahisi ni kwamba Kiingereza kilikuwa lugha ya serikali tangu utawala wa Waingereza uanze Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba maneno mafupi huenea upesi. Jibu hilo halitoshi. Huko Kilombero neti ilipata maana yake kamili kwa sababu kitu chenyewe kilibadilika: kitambaa kilichokuwa pazia kikawa dawa.

Mabadiliko hayo yalianzia Ifakara. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapo maabara ndogo ya taasisi ya magonjwa ya kitropiki ya nchi yake, karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko iliyohudumiwa na Wakapuchini wa Kiswisi. Maabara hiyo ilipita mikononi mwa Watanzania hatua kwa hatua na ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Watafiti wake walipoanza kuhesabu mbu kijijini Namawala, jirani na Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuta kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, maana yake karibu kila usiku. Kwa mtoto aliyezaliwa huko, swali halikuwa kama ataugua malaria bali ni mara ngapi kabla hajatimiza mwaka.

Idete iliingia katika vitabu vya tiba vya dunia kwa njia ya watoto hao. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na mwanasayansi wa Kolombia Manuel Elkin Patarroyo na kufanyiwa jaribio Idete kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 5, chini ya uongozi wa Pedro Alonso, Marcel Tanner na wenzao. Lilikuwa mojawapo ya majaribio ya kwanza ya chanjo ya malaria barani Afrika, na lilionyesha kinga ya asilimia 31. Matumaini yaliyofuata yalikuwa makubwa, lakini majaribio ya baadaye huko Gambia na Thailand hayakuona faida hiyo, na SPf66 ikaachwa. Wazazi wa Idete waliowapeleka watoto wao kuchomwa sindano, wakarudi tena kwa dozi ya pili na ya tatu, walitoa mchango ambao haupungui thamani kwa sababu chanjo haikufaulu, kwani elimu ya namna ya kupima chanjo ya malaria mahali penye maambukizo makali ilipatikana kwa sehemu kupitia kwao.

Chanjo ilipokuwa bado haijapatikana, kitambaa kilikuwa tayari. Utafiti katika nchi mbalimbali za Afrika ulikuwa umeonyesha kwamba neti iliyochovywa katika dawa ya jamii ya pareto, yaani kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, humuua au kumfukuza mbu anapoigusa, hivyo humlinda anayelala hata kama ina tundu. Swali lilikuwa jinsi ya kuifikisha vijijini. Mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianzisha mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliouza neti na dawa yake kupitia maduka ya vijijini, mawakala na wahudumu wa afya. Neti iliuzwa kwa bei iliyokuwa sawa na dola 5 za Marekani, na dawa ya kuchovya kwa takriban senti 42. Wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa kliniki hati ya punguzo la shilingi 500, na hati hizo zilikuja kuwa mfano wa mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004.

Jina la bidhaa lilichaguliwa kwa busara. Halikuwa neti wala chandarua, bali amri ya wazi: “Zuia Mbu”. Jina hilohilo liliwekwa juu ya neti na juu ya pakiti ya dawa, ili mnunuzi aone kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja. Kazi ya kuchovya ilikuwa ya mikono: beseni, maji yaliyopimwa, dawa iliyomiminwa, neti iliyozamishwa na kukamuliwa polepole, kisha ikalazwa ikauke kivulini kwa kuwa jua hudhoofisha dawa. Baada ya kufuliwa mara chache tu, nguvu yake ilipungua na kazi ikaanza upya. Mazungumzo ya kliniki na dukani yalijaa misamiati iliyozaliwa na kazi hiyo, kama vile neti yenye dawa, neti isiyo na dawa, neti ya duara, neti ya pembe nne, kuchovya neti, kuchomekea neti, yaani kuingiza ncha zake chini ya godoro ili mbu asipate upenyo.

Takwimu za mradi huo zinaunga mkono hoja ya kwamba kilichobadilika kilikuwa dawa. Katika uchunguzi ulioongozwa na Salim Abdulla na kuchapishwa mwaka 2001, uliofanywa katika vijiji 18 kwa watoto wa chini ya miaka 2, umiliki wa neti za kila aina ulipanda kutoka asilimia 58 hadi 83 kati ya mwaka 1997 na 1999. Kwa hiyo zaidi ya nusu walikuwa nazo tayari, wala bonde halikuwa la watu wasiojua kujikinga. Lakini umiliki wa neti zenye dawa ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 61, na upungufu wa damu uliotokana kwa kiasi kikubwa na malaria ulishuka kutoka asilimia 49 hadi 26. Mwaka huohuo wa 2001 Joanna Armstrong Schellenberg na wenzake waliripoti kwamba neti zenye dawa ziliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Nyuma ya asilimia hizo wapo watoto wenye majina, ambao leo ni watu wazima wanaolima mpunga na kulea watoto wao, na ni vigumu kuzisoma kwa moyo baridi.

Baada ya hapo kuchovya kulianza kupitwa na wakati. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza neti ambazo dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo serikali na wafadhili waligawa neti za namna hiyo bure kwa kaya nchini kote. Maandishi ya serikali yaliendelea kuziita vyandarua, neno ambalo lina heshima ya ofisini, na mabango ya kampeni hadi leo huandikwa hivyo. Nyumbani ziliitwa neti. Hakuna anayekosea kati ya hao wawili, lakini inafaa kutambua kwamba neno rasmi ndilo lililovuka bahari kutoka Gujarat, na neno la mitaani ndilo lililotoka kwa Waingereza, kinyume cha ambavyo wengi wangedhani.

Mipaka kati ya maneno haya huonekana wazi zaidi wakati wa msimu wa mpunga. Kaya nyingi za Idete na vijiji vya bondeni huhama kwa miezi kadhaa na kuishi shambani, mbali na kijiji, katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambapo watu hulala na kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Neti husafiri nao. Hufungwa kwa kamba kwenye fito za paa, ikiwa imekunjamana kwa sababu dungu ni jembamba, na chini yake hulala mama na watoto wawili au watatu juu ya mkeka ambao hauna godoro la kuchomekea. Nje, kwenye nguzo hiyohiyo, huweza kutundikwa wavu wa samaki unaosubiri kukauka. Vitu viwili vya matundu, vyote vya nailoni au vya nyuzi za plastiki, vinavyotofautiana kwa ukubwa wa jicho tu, vina majina mawili yasiyochanganywa hata na mtoto: kimoja huzuia na kingine hunasa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyohifadhiwa pia na michezo. Nyavu za goli, ambazo mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, alizibuni karibu na mwaka 1890 ili kumaliza ubishi wa kama mpira umeingia au umepita pembeni, ziliitwa nyavu na Waswahili bila kusita, na mtangazaji wa redio husema mchezaji ametikisa nyavu, kwa kuwa mpira hunaswa kama samaki. Upande wa mtandao wa kompyuta Kiswahili kilichagua kitenzi “kutanda”, ambacho wanawake wa pwani hukitumia kwa uvuvi wao wa kunasa uduvi kwa kitambaa majini. Hivyo mtandao una undugu na uvuvi kwa njia yake yenyewe. Fundi cherehani, kwa upande wake, huita neti kitambaa cha shela ya bibi harusi na cha pazia jepesi, lakini waya wa dirishani hubaki kuwa wavu.

Mahali pamoja mpaka huo umevunjwa, na hasara yake ni kubwa. Neti iliyochakaa, au hata mpya, hutumika katika maji ya Tanzania kuvulia dagaa na samaki wachanga, jambo ambalo kanuni za uvuvi zinalikataza kwa kuwa jicho lake halimwachi kifaranga yeyote. Kinachofanya neti iwe kinga bora kitandani, yaani udogo wa tundu lake, ndicho kinachoifanya iwe zana ya maangamizi mtoni, na bonde linalotegemea samaki wanaokua katika mafuriko halina ziada ya vifaranga vya kupoteza. Njaa hueleza kwa nini jambo hilo hutokea. Haipunguzi uharibifu wake.

Matumizi mengine ya neti kuukuu hayana lawama. Huzungushwa kwenye kitalu cha mchicha ili kuku wasiingie, hufunika vifaranga dhidi ya mwewe, hufunga mwanya kati ya ukuta na paa ambamo mbu hupita jioni, au hukatwa vipande vya kufungia miche. Huko Kining’ina, karibu na Ifakara, watafiti wameigeuza kabisa kazi ya neti: wamejenga vibanda vikubwa vyenye kuta za neti, ndani yake mkiwa na mimea, vyungu vya maji na nyumba ndogo, ambamo mbu waliofugwa huruka usiku kucha bila kuweza kutoka, na watu wa vijijini huishi nje ya kuta hizo.